Betri Ikifa Ni ya Nani

Kirua Vunjo, Jumatatu jioni

Eli mwanangu,

Salamu nitakupa kesho stendi, nikikukabidhi barua hii. Leo nina hasira na wewe, na nimeona niiandike kuliko niiseme, kwa sababu jana niliisema vibaya na wewe ukasimama ukaacha chakula. Mdogo wako Upendo aliona nyama yako imebaki akaila, kwa hiyo kuna mtu mmoja humu ndani ambaye ugomvi wetu ulimfaa.

Umeshuka Moshi kukata tiketi ya basi la Dodoma. Baba yako yuko mlimani anawapandisha wageni wake, hatashuka mpaka Alhamisi, na alipokuwa anaondoka aliniambia, "Mimi nimeshasaini, Mama Eli. Iliyobaki mtaongea na mtoto." Mtaongea. Yeye yuko juu ya mawingu, simu haipatikani, mimi nimebaki na karatasi. Hasira hiyo ni yake, nitamngoja nayo.

Karatasi yenyewe iko hapa mezani. Bosi wako wa Dodoma anakupa gari la umeme ufanye teksi, unampelekea hesabu kila siku kwa miaka mitatu, miaka ikiisha gari ni lako. Ukishindwa, mdhamini analipa. Na mdhamini ni sisi, kwa kihamba chetu, hii migomba na kahawa na nyumba tunayolala. Kwa kuwa ni ardhi ya familia, sheria inataka na mke aridhie. Sahihi yangu ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo ukiona mama anapiga kelele, ujue mama ndiye mlango wa mwisho.

Sitakuandikia mambo ya kufua, kula na kutembea na watu gani. Una miaka kumi na tisa. Kama hayo hukuyaokota ukiwa hapa, barua haitakusaidia. Nataka kukueleza habari ya gari letu, kwa sababu unaijua nusu, na nusu unayoijua ni uongo ambao mimi mwenyewe niliuacha ukae.

Unajua hivi: baba alipata msimu mzuri wa wageni, kichwa kikavimba, akanunua gari la kuwaonyesha ndugu Desemba. Ndivyo bibi yako anavyosimulia mpaka leo, na baba yako hajawahi kumkatiza. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ulikuwa darasa la tatu. Zile pesa hazikuwa za gari. Mimi nilitoka shule kidato cha tatu nikiwa na wewe tumboni, na tulikubaliana na baba yako kwamba akipata msimu mzuri nitarudi kusoma, nifanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, halafu niombe chuo. Nilikuwa nimeshanunua mpaka madaftari. Ikaja Desemba. Unajua Desemba ya huku. Watu wa Dar, wa Mwanza, wa wapi sijui, wote wanapanda kwao, na kwa babu yako magari yanapangwa kwenye majani mbele ya nyumba kama yanangoja kupigwa picha. Sisi tulifika kwa miguu, mimi na sufuria ya ndizi za machalari kichwani, tope mpaka kwenye vigimbi. Mama yako mkubwa, mke wa kaka yake baba, alikuwa anashuka kwenye gari lake lenye kiyoyozi. Akaniangalia miguu kabla hajaniangalia uso.

"Pole jamani Mama Eli. Nyie mtaleta machalari kwa miguu mpaka Eli aoe?"

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka. Njiani kurudi nikamwambia baba yako, tununue gari. Mimi, Eli. Si yeye. Yeye aliuliza, "Na shule yako je?" Nikamjibu, shule haipaki kwenye majani.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata tulishuka Moshi kwa dalali. Kulikuwa na magari mawili tuliyoyamudu. Moja lilikuwa la mwalimu mstaafu, namba B, rangi imepauka, lakini ukiliwasha hulisikii. Lingine namba D, linang'aa, limetoka Dar. Baba yako alizunguka lile la mwalimu mara tatu, akafungua boneti, akaomba na kile kidaftari ambacho mwalimu alikuwa anaandika kila akimwaga oili. Nikamvuta shati. "Tupande Desemba na namba B, mbele ya yule mwanamke?" Unawajua watu wetu, wanasoma herufi ya namba ya gari kabla hawajakusalimia. Herufi inakuambia gari limesajiliwa lini hapa nchini. Haikuambii limechoka kiasi gani, na mimi sikutaka kujua.

Dalali akaona mwenye maamuzi ni nani. "Mama anajua gari," akasema. Lile neno nilitembea nalo wiki nzima.

Hatukuuliza linakula nini. Tuliuliza bei, na tukauliza kama redio inaimba.

Lilikuwa limefanya teksi Dar mpaka likachakaa, kisha likapigwa rangi. Na Dar ni tambarare. Hapa kwetu gari linapanda kutoka barabara kuu mpaka mlangoni bila kupumzika, halafu linashuka vilevile. Kupanda, lilichemsha. Unakumbuka wewe ukikaa kiti cha mbele na madumu mawili ya maji miguuni, ukidhani ni mchezo. Kushuka, lilikula breki. Brekipedi ambazo mtu wa mjini anakaa nazo mwaka mzima, kwetu hazikufika miezi minne, likaja kula mpaka diski. Juu ya hapo oili, plagi, bushi, shokapu, na gasketi ya silinda mara mbili, kwa sababu ya kwanza fundi alitufungia ya bandia. Na petroli juu ya yote hayo. Maziwa ya asubuhi ya ng'ombe wetu yalikuwa yanaishia kwenye tenki. Wewe ulikunywa chai ya rangi mwaka mzima ili gari linywe. Hukuwahi kuuliza, na mimi nilikuwa nakumiminia nikiangalia pembeni.

Desemba ile tulipaki kwenye majani. Mama yako mkubwa akasema, "Hongereni," akaingia ndani kula. Basi. Hilo ndilo nililonunua.

Halafu akaja Upendo. Uchungu ulinianza mchana, mvua za masika, na gari liko uani chini ya turubai, breki za nyuma hazipo, tunangoja kahawa iive tuuze tulitengeneze. Nilishuka hospitali kwa bodaboda, katikati ya dereva na mama Witness jirani yetu, nimemkumbatia kijana wa watu kama mume wangu. Yeye kila shimo anasema, "Samahani mama," mimi kila shimo namtukana. Tulipopita pale uani niliona lile turubai. Sijawahi kuchukia kitu kisicho na roho kama nilivyolichukia lile gari. Upendo alizaliwa hata sijamaliza kuandikishwa mapokezi. Angezaliwa njiani nisingekuwa na wa kumlaumu, maana ile namba D niliichagua mimi. Tulikuja kuliuza kwa bei ya vyuma. Madaftari yangu uliyaandikia wewe darasa la sita.

Baba yako amebeba lawama hii miaka yote bila kufungua mdomo. Kwa hiyo hata nikimkasirikia kama leo, hasira yangu ina mwisho.

Sasa tuje kwako. Jana ulisema, "Mama, wewe uliumizwa na petroli, usiuhukumu umeme." Ni neno zuri, na liliniuma kwa kuwa si kweli. Umeme nilikuwa nimeuchunguza kabla wewe hujamaliza chuo. Pale sokoni Moshi ninapopeleka ndizi kuna mzee mmoja, Mzee Aminieli, ana bajaji ya umeme. Siku moja alipokuwa ananishushia mikungu nikamuuliza.

"Shikamoo baba. Hiki kitu chako kinakula nini?"

"Marahaba mama. Kinakula umeme na matairi. Oili hakiijui, plagi hakina. Brekipedi nimebadilisha mara moja tu tangu nikinunue."

"Na umeme wa nyumbani unatosha?"

"Nachomeka jioni, asubuhi kimejaa. Ukikatika, kesho yake nashinda nyumbani, mke wangu anafurahi."

"Kwa hiyo hakina ubaya."

Akacheka, akaegemea usukani. "Vya petroli vinamla mwenyewe kila siku, kidogo kidogo, mpaka anazoea. Hiki hakinili. Siku betri ikifa ndiyo kitanila, tena kitaanzia kichwani. Ndiyo maana kila jioni natenga kitu kwa ajili ya siku hiyo. Wenzangu wananiita mzee wa matanga, eti nachanga msiba wa betri ambayo ni nzima."

Kwa hiyo hukunikuta kipofu. Na daftari lako ulilonichorea, petroli huku, umeme kule, nimelisoma vizuri. Upande wa petroli umeandika kila kitu, mpaka mkanda wa injini ambao sisi tulijua upo siku ulipokatika. Upande wa umeme: kuchaji, matairi, bima, kuosha. Hesabu zako ziko sawa. Uliponieleza kwamba gari la umeme likishuka mlima linajirudishia chaji badala ya kuchoma breki, ulidhani nimenyamaza kwa kutokuelewa. Nilikuwa nafikiria zile brekipedi zetu zote. Umeme ni bora, Eli. Kwa kazi ya teksi, kushinda barabarani kutwa, petroli haiugusi. Hapo hatukugombana.

Mstari wa betri haupo. Umejaza ukurasa mzima, na kitu ambacho ni karibu nusu ya bei ya gari hukukiandika.

Ndiyo nikakuuliza, hilo gari limetumika miaka mingapi huko lilikotoka? Ukafungua simu ukanionyesha picha yake, umeiweka pale mbele kama picha ya mchumba. Ukasema, "Mama, namba E hiyo."

Hapo ndipo nilipogonga meza. Ulidhani nina hasira na umeme. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako. Mtoto uliyesomea umeme wa magari, una cheti, una mashine ya kupimia tuliyokununulia kwa kumuuza ndama wetu, nakuuliza betri imechoka kiasi gani unanijibu herufi. Niliyosema baada ya hapo, kwamba huna akili na kwamba umerithi ujinga, yafute. Ujinga ulikuwa wa kwangu, na sikutaka uurithi. Nilikosa namna nyingine ya kulisema.

Leo tangu uondoke nimeusoma huo mkataba. Mara tatu, kwa kidole, kama ninavyomfundisha Upendo. Ukurasa wa nne wameandika kwamba matengenezo yote, ikiwemo mfumo wa nishati, yako juu ya dereva, na gari likisimama zaidi ya siku saba mwenye mali analichukua. Nikaukalia huo mfumo wa nishati mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa. Mfumo wa nishati ni betri, baba. Hawakuandika betri kwa sababu betri ungeiona.

Sasa weka kurasa pamoja. Gari ni la mtumba, betri yake imeshakula miaka mingine huko kwa wenyewe. Unalichaji haraka haraka mara mbili kwa siku, kwenye jua la Dodoma. Mwaka wa pili inakufa. Huna pesa ya betri. Siku saba zinapita. Bosi anachukua gari, yale uliyokwisha kulipa yamekwenda, na yaliyobaki anakuja kuyadai huku juu. Hapo kosa lako ni nini? Umeamka mapema kila siku, hujanywa, hujachelewesha hesabu. Na bado tunatoka kwenye kihamba.

Nikampigia simu. Namba yake iko pale chini ya muhuri.

"Habari yako baba. Mimi ni mama yake Eli, wa Kirua."

"Ooh, mama yangu, karibu sana. Kijana wako ana nidhamu, hongera kwa malezi."

"Nashukuru. Betri ikifa ni ya nani?"

"Betri za siku hizi hazifi, mama. Hii ni teknolojia nyingine."

"Hiyo iliyomo imebaki na uwezo kiasi gani?"

"Iko vizuri sana."

"Vizuri ni asilimia ngapi?"

"Mama, wewe ni mwalimu?"

"Nauza ndizi."

Akacheka, mimi sikucheka. Akasema hayo ni mambo ya kiufundi, ataongea na kijana mwenyewe. Nikamwambia, "Kama haifi, si uandike tu kwamba ikifa ni yako? Haitakugharimu kitu." Nikasikia mlango wa gari ukifungwa upande wake. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mama, kuna vijana kumi wanalingoja hilo gari."

Yule dalali wa Moshi naye alituambia kuna mtu anakuja saa nane na pesa mkononi. Tukalipa saa saba na nusu.

Nilipokata simu nilikaa na hasira za kila aina. Na huyo mtu mwenye sauti laini. Na baba yako, aliyesaini amesimama, mguu mmoja uko kwenye gari la wageni. Na wewe. Na zaidi mimi, kwa kuwa ningekueleza ile habari ya namba B na namba D miaka mingi iliyopita ungelijua hili swali kabla hujaenda chuo. Nilikaa kimya ili uendelee kuniona mwenye akili. Kwa hiyo nilikufundisha kila kitu isipokuwa kile ambacho nilikijua kwa kuumia.

Sikia sasa nilichofanya, na usiniombe nibadilishe.

Kule ukurasa wa nne nimekata yale maneno kwa kalamu ya shule ya Upendo, na pembeni nimeandika kwa mkono wangu: "Betri ikifa kabla ya miaka mitatu kwisha, ni ya mwenye gari. Betri itapimwa na dereva siku ya kukabidhiwa, na kipimo kitaandikwa hapa." Nimeacha nafasi ya kuandika. Nimesaini pale pembeni, na nimesaini mwishoni kwenye mstari wangu. Ridhaa yangu ni ya karatasi hii ilivyo sasa, si ya nyingine.

Nimesaini, Eli. Sikutaka uondoke ukisema mama alikunyima. Gari la umeme natamani uwe nalo, na natamani nilipande nikiwa nimevaa viatu vizuri.

Utaifikisha wewe mwenyewe, utamwambia mama ameridhia kwa sharti hili. Utaona aibu kidogo, umesimama mbele ya mtu mzima aliyevaa saa kubwa, unamwonyesha mwandiko wa muuza ndizi. Ivumilie, haizidi dakika tano. Akikubali, toa mashine yako upime kabla hujagusa usukani, na kama betri imechoka mwambie imechoka, hata kama gari linang'aa namna gani. Ukianza kazi, fanya kama Mzee Aminieli, tenga kitu kila jioni, waache wenzako wakuite jina wanalotaka. Maana miaka mitatu ikiisha betri itakuwa ya kwako na hakuna mkataba utakaokusaidia.

Akikataa, itakuwa imejulikana betri ikoje bila hata kuipima. Mrudishie karatasi zake, utoke. Usisaini nyingine pale mlangoni kwa sababu ya wale vijana kumi. Mwache achukue mmoja wao, na kama unaweza mwambie huyo kijana asome ukurasa wa nne. Una cheti. Magari haya yanaongezeka na wanaojua kuyafungua ni wachache, hata wewe ulisema. Tafuta gereji, anza kwa kumshikia mtu tochi.

Na hapo utaona aibu ya kunipigia. Utafikiria ndugu walioahidiwa kwamba Desemba utapanda na gari. Utafikiria mama atasema nilikuambia. Naijua hiyo aibu vizuri, ndiyo iliyonifanya niwapakie wewe na baba yako kwenye gari lisiloshika breki kuliko kusema mbele ya watu kwamba nilichagua vibaya. Ingetuua wote watatu na ningekufa nimenyoosha shingo.

Kwa hiyo akikataa, piga. Usinieleze alichosema wala ulichomjibu, hayo tutayaongea siku nyingine. Niambie tu utalala wapi.

Mama yako